Nilidhani nimeifunga folda, kumbe nilikuwa nimeificha tu

Mwaka 2016 nilitengeneza tovuti ya SACCOS moja ya walimu hapa Mwanza, jina lake naliacha. Nilifanya kwa bei ya chini kwa sababu ndo nilikuwa naanza hizi kazi na nilihitaji kitu cha kumuonyesha mteja mwingine kwamba hii nimefanya mimi. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, kurasa tano, picha za mkutano mkuu, fomu ya kujiunga, namba za simu, basi. Tukaiweka kwenye hosting ya kushea, ile ya kulipia kwa mwaka, seva moja mnakaa tovuti kibao na kila mteja ana cPanel yake, ule ukurasa wa kuendeshea tovuti, na folda yake ya public_html, na chochote ukiweka humo ndani ya public_html dunia nzima inaweza kukifungua.

Hiyo sentensi ya mwisho nilikuwa naijua, ila nilikuwa sijaielewa.

Siku moja meneja akanipigia, fundi, wanachama kila mwisho wa mwezi wanajaa hapa ofisini kuulizia mikopo yao imefikia wapi, hatuwezi kuiweka ripoti kwenye tovuti mtu akajionea mwenyewe? Nikamwambia inawezekana. Nikatengeneza folda, nikaipa jina refu ambalo niliona hakuna mtu wa kuliotea, nikatupia PDF ya mwezi, nikamtumia linki WhatsApp nikamwambia uwape wanachama tu. Paswedi sikuweka. Kichwani mwangu ile folda ilikuwa salama kabisa maana hakuna ukurasa wowote wa tovuti uliokuwa na linki ya kwenda kule, sasa nani ataijua? Kila mwezi meneja ananitumia PDF mpya naipandisha, dakika mbili nimemaliza, ikaenda hivyo miezi kama minane.

Mwaka 2017, Jumamosi asubuhi, ikaingia simu ya namba ngeni, sauti ya mama mtu mzima. Shikamoo. Marahaba mwanangu, wewe ndo uliyetengeneza tovuti ya SACCOS yetu? Nikasema ndiyo mama, ni mimi. Akasema basi naomba uje nyumbani, haya mambo siwezi kuyaongea kwenye simu. Alikuwa anakaa Igoma, mwalimu wa shule ya msingi, miaka michache astaafu.

Nilipofika akanikaribisha vizuri, chai ya maziwa na mkate, alafu akamuita binti yake alete simu. Kwenye skrini kulikuwa na Google, na kilichoandikwa pale juu ni majina yake matatu. Chini yake jibu la kwanza ni PDF, na kile kipande kidogo cha maneno ambacho Google huwa inakionyesha chini ya linki kilikuwa na jina lake, namba yake ya uanachama, 4,000,000, na sababu ya mkopo: SENDOFF YA BINTI.

Yaani ile ripoti ilikuwa na safu ya sababu ya mkopo, na mimi nilikuwa naipandisha kila mwezi na sijawahi hata kuisoma. Akafungua PDF, jina moja moja, wote zaidi ya 300, nani kakopa ada, nani kakopa matibabu, nani amechelewa marejesho na wadhamini wake ni kina nani.

Aliyeiona wa kwanza alikuwa ndugu wa mchumba wa binti yake. Alikuwa anatafuta tu jina la mama mkwe mtarajiwa amjue ni mtu wa namna gani, akakuta hilo, na maneno yakafika kwenye kikao cha upande wa pili kwamba sherehe yenyewe ni ya mkopo. Mwalimu hakunipandishia sauti hata kidogo. Aliniambia, kukopa sio aibu mwanangu, nimekopa na ninalipa, hata mwezi mmoja sijaruka. Lakini ile ilikuwa siri yangu na SACCOS. Wewe nani alikuambia uitoe?

Sikuwa na jibu. Chai ikapoa pale mbele yangu, nikaomba radhi, nikaondoka moja kwa moja mpaka kwenye laptopu.

Sasa ilivyotokea ni hivi, na ndo kitu cha kwanza nilichojifunza. Katibu wa SACCOS, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameweka tangazo kwenye ukurasa wa habari, "ripoti ya mwezi huu bonyeza hapa", na akabandika ile linki niliyompa meneja. Google haikuvunja mlango wa mtu, ilifuata linki kama inavyofuata linki zote. Alafu ile folda haikuwa na faili la index, yaani ukurasa wa kufungulia folda, na seva ya Apache, ile programu inayotoa kurasa za tovuti, ikikuta folda haina index na haijakatazwa inakutolea orodha nzima ya vilivyomo, ule ukurasa mweupe unaoanza na "Index of". Kwahiyo linki moja ya mwezi mmoja, ukifuta jina la faili pale mwisho, unapata miezi yote minane imejipanga. Hiyo orodha inazimwa na mstari mmoja tu, Options -Indexes, lakini kuizima orodha sio kufunga, anayejua jina la faili bado analifungua. Jina gumu la folda ni kuficha. Na kitu kilichofichwa kinakaa kimefichwa mpaka mtu mmoja aseme, na kwenye kundi la watu 300 huyo mtu yupo siku zote.

Kwa haraka haraka nikafanya kosa la pili siku hiyohiyo. Nilikuwa nimesikia habari za robots.txt, lile faili la kuziambia Google na wenzake zisiingie wapi, nikaandika pale Disallow na jina la ile folda, nikajiona nimemaliza. Jioni nikawasiliana na jamaa wa sapoti ya hosting, kijana mmoja mstaarabu sana, akaniambia kaka hiyo robots.txt kila mtu anaisoma, umechukua jina ulilokuwa unalificha ukalibandika getini. Google itaheshimu, haitaingia tena, lakini mtu yeyote mwenye nia mbaya huwa anaanza kuangalia hapohapo. Ni ombi, sio kufuli. Na tena ukiizuia Google isiingie haitajua kwamba umefunga, itabaki na ile kumbukumbu yake ya zamani. Nikaitoa.

Ndo akanielekeza kwenye kufuli lenyewe. Kwenye Apache unaweka faili linaitwa .htaccess ndani ya folda unayotaka kuifunga, na ndani yake mistari minne:

AuthType Basic
AuthName "Wanachama tu"
AuthUserFile /home/jina/.htpasswds/wanachama
Require valid-user

Wa kwanza unasema aina ya ukaguzi, wa pili ni maneno ya utambulisho ambayo brauza nyingine huwa zinamuonyesha mtu kwenye kile kisanduku cha kuomba paswedi, wa tatu unaielekeza seva lilipo faili lenye majina na paswedi, wa nne unasema yeyote aliyemo kwenye hilo faili akitaja paswedi yake sawasawa apite. Kwenye cPanel kuna sehemu inaitwa Directory Privacy, unachagua folda, unaweka tiki, unaandika jina na paswedi, inakuandikia hiyo mistari yenyewe. Kama wewe unaanza tumia hiyo, usijitese kama mimi. Mi nilitaka kujifunza kwa mkono, na usiku ule nilijifunza kweli.

Kwanza Notepad ikasevu .htaccess.txt, na Windows ikanifichia ile .txt ya mwisho, nikawa napandisha faili ambalo seva wala haina habari nalo. Nusu saa nzima folda inafunguka tu. Nilivyorekebisha jina, kisanduku cha paswedi kikatokea, nikafurahi, nikaandika jina na paswedi sahihi kabisa, ikaja 500 Internal Server Error, yaani kosa la ndani ya seva. Nikarudia, tena 500. Hii inawachanganya wengi kwahiyo nieleze vizuri: kisanduku kutokea maana yake seva imeisoma .htaccess, ile 500 ukishajibu maana yake imeenda kutafuta faili la paswedi ikalikosa. Mimi nilikuwa nimeandika njia fupi, jina la faili tu, nikidhani itaangalia hapohapo kwenye folda. Haiangalii hapo. Njia isiyoanza na mkwaju (/) Apache inaihesabu kuanzia kwenye makao yake yenyewe huko ndani ya seva, ambako wewe mpangaji hata hufiki. Lazima uandike njia nzima kuanzia /home. Kama huijui, weka faili dogo la PHP, lugha ya programu inayoendeshwa na seva, lenye echo __DIR__, lifungue kwenye brauza, nakili njia, alafu lifute hilo faili saa hiyohiyo, usiseme utalifuta kesho.

Ikafunguka. Saa saba usiku nikamtumia yule kijana wa sapoti meseji, tayari mkuu, angalia. Asubuhi nakuta amenitumia skrinshoti. Hakuwa ameigusa folda, alikuwa amefungua anwani ya tovuti ikafuatiwa na /nywila.txt, na pale kwenye skrini kuna mstari mmoja unaanza na mwanachama, nukta mbili, alafu $apr1$, alama ya aina ya uvurugaji, na herufi zilizovurugwa.

Lilikuwa faili langu la paswedi. Nilikuwa nimelipa jina la kawaida kwa sababu lile jina lenye nukta mbele lilikuwa linanisumbua kwenye Windows, na nimeliweka public_html, mlango wa mbele kabisa. Apache kwa kawaida yake inakataa kumpa mtu faili lolote linaloanza na .ht, kwahiyo ningeliita .htpasswd angalau ingenikinga, lakini mimi nimeliita nywila. Kweli paswedi imevurugwa, haisomeki hivihivi, ila yangu ilikuwa jina la kifupi la SACCOS na mwaka, na mtu akishakuwa na huo mstari mkononi anakaa kwake na programu ya kukisia mamilioni ya maneno bila hata kuigusa seva yako, ya aina hiyo haifiki hata jioni. Faili la paswedi linakaa nje ya public_html. Juu yake, pembeni yake, popote ila sio ndani. Na kwenye hosting ya kushea angalia na ruhusa za faili, usije ukaweka 777, yaani kila mtu asome na kuandika, kwa sababu mtu kakuambia ndo inaondoa matatizo, humo kwenye seva kuna majirani.

Jumatatu nikarudi Igoma. Nilitaka Mwalimu awe wa kwanza kuona. Nikamuonyesha kisanduku, nikamuonyesha ukikosea inakataa, nikampa paswedi ya wanachama akaandika mwenyewe, PDF ikafunguka. Akaisoma akashuka nayo mpaka chini, taratibu, kama anasahihisha daftari. Alafu akauliza, sasa na mwalimu mwenzangu akiingia si analiona langu?

Hilo swali mimi na utaalamu wangu wote sikuwa nimejiuliza. Kufuli la folda haliangalii nani anastahili kuona mstari gani ndani ya faili. Umeingia umeingia, unaona vyote. Nilikuwa nimewazuia watu wa nje nikawaacha walimu 300 wasomane madeni, na kusema kweli kilichomuumiza yule mama kingeweza kumuumiza vilevile kikitokea kwenye ofisi ya walimu wakati wa chai.

Nikaongea na meneja, akakubali ile safu ya sababu ya mkopo itoke kabisa kwenye chochote kinachokwenda kwenye tovuti. Na ripoti ikakatwa, kila mwanachama na karatasi yake. Nikaandika skripti ndogo ya kutengeneza folda ya kila mtu kwa namba yake, na ndani ya kila folda .htaccess yake yenye mstari mmoja, Require user na namba ya mwenyewe badala ya valid-user. Hiyo mistari mingine mitatu inarithiwa kutoka folda ya juu, huu wa Require wa ndani unachukua nafasi ya ule wa juu, kwahiyo mwenye 0147 akijaribu kufungua ya 0148 anakataliwa hata kama paswedi yake ni halali.

Paswedi nazo zikawa za mtu mmoja mmoja, maana ile ya pamoja ilishavuja. Siku nne tu, ikawa kwenye grupu la WhatsApp ambalo lina hadi watu walioshahama SACCOS. Hapo sikumlaumu mtu, paswedi ya watu 300 sio siri tena, ni tangazo. Na huwezi kumtoa mmoja bila kuwasumbua wote.

Kuingiza majina ndo nikaumia tena. Nilikuwa natumia ile programu ya htpasswd iliyomo ndani ya XAMPP, kifurushi cha kuweka seva ya majaribio kwenye laptopu, naandika mwanachama mmoja mmoja, na amri niliyoinakili mwanzo ilikuwa na -c. Nikawa nabonyeza mshale wa juu, nabadilisha namba, nabonyeza enta, nabonyeza mshale wa juu, nabadilisha namba, nikafika kama wa arobaini, nikasema ngoja nifungue faili nione. Mstari mmoja! Wa arobaini peke yake. Kumbe -c maana yake tengeneza faili jipya, na kama lipo inalifuta inaanza upya bila kukuuliza chochote. Inatumika mara moja tu, kwa mtu wa kwanza, baada ya hapo unaitoa. Jioni nzima ilienda, lakini ningekuwa nimefanya hivyo kwenye faili ambalo watu wanalitumia ningewafungia nje wote kwa enta moja, kwahiyo saivi kabla sijagusa faili la paswedi nalikopi kwanza. Na nikaongeza -B, inayovuruga paswedi kwa bcrypt, ni nzito zaidi kuikisia kuliko ile $apr1$ inayokuja yenyewe usipochagua.

Kuna jambo ambalo naona bado watu wengi hawalijui, wanaona kisanduku kinaomba paswedi wanadhani ile paswedi inasafiri imefungwa. Haijafungwa. Inageuzwa tu kwa Base64, ambayo ni namna ya kuandika, sio siri. Kwa mfano jina ni mama na paswedi ni siri, kinachosafiri ni bWFtYTpzaXJp, na mtu yeyote akiichukua akaigeuza inarudi mama:siri, hata hesabu hakuna. Alafu inatumwa tena kila unapofungua faili, sio mara moja tu. Kwahiyo kama tovuti ni http tupu, isiyo na https inayofunga mawasiliano, na mtu yupo kwenye wifi ya bure stendi au kwenye intaneti kafe, aliye katikati anaisoma. Sisi tulikuwa http tupu. Nilikuwa nadhani cheti cha https ni cha kununua kwa dola nyingi, kumbe tangu mwisho wa 2015 Let's Encrypt wanatoa bure, na cPanel ya pale ilikuwa tayari ina sehemu ya kukiwasha, hakuna aliyekuwa ameibonyeza. Nikakiwasha, nikaongeza SSLRequireSSL kwenye .htaccess ya ile folda ili anayekuja kwa http akataliwe kabla hajaulizwa paswedi, na linki zote nikazibadilisha. Niliona bora akataliwe apige simu kuliko aandike paswedi yake hewani.

Na mwalimu akitumia kompyuta ya kafe, hii aina ya paswedi haina kitufe cha kutoka. Brauza inaikumbuka mpaka uifunge yote, sio kufunga ukurasa tu. Hiyo tuliiandika kwenye vile vikaratasi vya kuwagawia paswedi, kwa herufi kubwa.

Kwa upande wa Google, nilithibitisha tovuti kwenye Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, nikaomba yale mafaili yaondolewe kwenye matokeo. Yaliondoka, lakini ile huduma ya kuondoa ni ya mda tu, kinachodumu ni faili lenyewe kutokuwepo au kukataa. Mi niliyafuta kabisa yale ya zamani. Ambacho sikuweza kukirudisha ni nakala ambazo watu walikuwa wameshazipakua kwenye simu zao, na hapo ndo pananiuma mpaka leo, kwa sababu hakuna amri ya kufuta kitu kwenye simu ya mtu uliyempa mwenyewe.

Mwaka uliofuata nikagundua tundu lingine, tena nililichimba mwenyewe. Meneja alitaka kujua ripoti zinapakuliwa mara ngapi, nikaandika pakua.php, inapewa jina la faili, inahesabu, inalitoa. Niliiweka nje ya folda iliyofungwa. Siku moja naijaribu kwenye brauza ambayo sijaingia, PDF ikashuka bila kuulizwa chochote. Nikakaa nikaifikiria mpaka ikaniingia: lile kufuli linamlinda anayekuja kwa anwani ya tovuti, mlangoni. PHP haipiti mlangoni, yenyewe tayari imo ndani ya nyumba, inasoma faili kutoka kwenye diski kama mimi ninavyosoma. Ukiweka PHP nje ya uzio inayoweza kutoa vitu vya ndani ya uzio, umefungua dirisha. Niliihamisha ndani ya folda ileile, na nikaibana itoe faili la namba ya aliyeingia tu.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni 2019. Tulihama hosting, bei ilikuwa nzuri na seva yao ilikuwa na kasi. Nikahamisha kila kitu pamoja na .htaccess, nikafungua folda, kisanduku kikatokea, nikajibu, nikaingia. Sawa. Nilikuwa nimeshajiwekea utaratibu kwamba nikigusa chochote najaribu kama mtu baki, yaani simu, wifi nazima natumia bando langu, ukurasa wa siri wa brauza ambao haukumbuki kitu. Nikafungua folda, kisanduku. Vizuri. Kidogo niache hapo, sijui nini kilinisukuma nikabandika linki ya PDF yenyewe moja kwa moja.

Ikafunguka.

Nilijaribu nyingine ikafunguka, na nyingine. Folda inaomba paswedi, faili haliombi! Nikawapigia, wakanieleza kwamba mbele ya Apache wameweka Nginx, programu nyingine ya seva, na Nginx ndo inayotoa vitu visivyobadilika kama picha na PDF ili iwe haraka, Apache inabakiwa na kurasa nyingine. Na Nginx haisomi .htaccess. Kwake ile ni maandishi tu yamekaa kwenye folda. Wala haitoi kosa lolote, inaipita kimya. Waliizima hiyo kwa akaunti yetu siku hiyohiyo, na wangesema haiwezekani ningetoa mafaili yote dakika ileile. Folda ilikuwa imekaa hivyo masaa kama matatu, nilipitia logi mstari kwa mstari, waliokuwa wamefungua ni mimi tu.

Tangu siku hiyo sijaribu tena folda, najaribu faili. Linki kamili ya faili lenyewe, kwenye simu isiyonijua. Na baada ya kila kitu, sio tu nikigusa mimi, maana wenye hosting nao wanagusa huko kwao bila kukuambia.

Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Kenya walitangulia na yao ya 2019, kwahiyo ningefanya leo nilichofanya 2016 nisingeishia kwenye chai ya Igoma. Ni vizuri ipo. Wateja wangu wapya nawaambia kabla hata ya bei kwamba nitaisoma ripoti yao kabla sijaipandisha, na safu ambayo haina kazi kwa msomaji haipandi.

Binti aliolewa, sendoff ilifanyika. Mwalimu alistaafu 2020, mkopo alishaumaliza zamani, na SACCOS haijui kwamba wana mkaguzi wa bure. Nilimuomba mwenyewe. Nilimueleza ile habari ya Nginx kwa maneno ya kawaida, kwamba mlango unaweza kufungwa leo na kesho ukawa wazi bila mtu kuugusa, akasema basi nipe linki ya faili moja, la mtu wa kubuni, nitakuwa naibonyeza kila mwisho wa mwezi kwenye simu yangu. Anabonyeza kweli. Juzi tarehe 30 saa mbili usiku ikaingia WhatsApp yake, skrinshoti ya ukurasa mweupe ulioandikwa 401, na chini yake neno moja, "Imekataa."